Mwanangu anakunywa methadoni: ni dawa au ni ulevi mwingine?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama, naishi Temeke, Dar es Salaam. Mwanangu alitumia unga (heroini) miaka mingi, mwisho akawa anajidunga. Alipojiunga na kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga, alitulia: akapata kazi ya kuosha magari, analala nyumbani, anasali. Sasa ustadhi mmoja wa hapa mtaani amemwambia mbele za watu kwamba methadoni ni unga wa serikali, kwamba amehama haramu moja kwenda nyingine, na kila anapokunywa sala zake hazikubaliwi siku arubaini. Akamzuia kuadhini. Kwa uchungu mwanangu ameacha kliniki, leo siku ya sita. Arosto, yale mateso ya mwili uliokosa dawa, imemshika, hali wala halali, na ananiuliza, "Mama, nirudi au nisirudi?" Naogopa kumwambia arudi nikabeba dhambi. Na Ramadhani itakuwaje, maana dawa wanakunywa asubuhi? Tena nauli ya kila siku imenishinda. Je, kaka yangu anaweza kunisaidia kwa zaka yake?

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Mama yangu, maswali huyajibu kwa zamu, lakini lako nimelitanguliza, kwa sababu kijana anagaragara kitandani na wewe unasubiri neno langu.

Arudi. Arudi kesho asubuhi, na dhambi unayoiogopa haipo.

Lakini asidai kipimo chake cha zamani. Aseme kwenye dirisha la kliniki kwamba amekosa siku sita, na kama humo katikati alivuta, alijidunga au alimeza valiamu (vidonge vya kutuliza), aseme pia, hata kama anaona haya. Mwili uliokaa siku sita bila dawa hauhimili tena kile ulichokuwa umekizoea. Watamwanzishia kidogo kisha wampandishe taratibu. Usiku wa leo asilale peke yake, wala asijifungie chooni. Ukimkuta anakoroma mkoromo usio wa kawaida, haamki ukimtikisa, midomo imebadilika rangi, mkimbizeni hospitali bila kungoja kuche.

Sasa nije kwa ustadhi. Mtu anayesomesha watoto Qur'ani ana heshima yake kwangu, ila neno alilolisema linaua. Jabir (r.a.) amepokea, katika hadithi aliyoitoa Abu Dawud, kwamba walikuwa safarini, mwenzao mmoja akapigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha usiku akaota akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia: hatukuoni kuwa na ruhusa na maji unayaweza. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) alisema: "Wamemuua, Allah awaue! Kwa nini hawakuuliza ikiwa hawajui? Hakika dawa ya kutojua ni kuuliza." Wale walikuwa masahaba, na walitaka kuilinda sharia. Hilo halikuwakinga na karipio.

Je, ustadhi aliuliza? Kliniki ya Temeke ipo tangu 2014. Kabla yake ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, na Unguja wana yao Kidongo Chekundu. Angesimama asubuhi moja tu karibu na lile dirisha. Angemwona muuguzi akimtambua mgonjwa, akimpimia dawa ya maji kwenye kikombe kidogo, mgonjwa akaimeza mbele yake, akanywa na maji juu, kisha akaambiwa aseme neno ijulikane mdomoni hakukubaki kitu. Baada ya hapo angewaona vijana wakiondoka kwenda kubeba mizigo sokoni na kuendesha bodaboda. Angeuliza kijiwe gani cha unga huendeshwa hivyo.

Heroini hupanda haraka ikashuka ndani ya saa chache. Ndiyo maana teja huamka akitafuta kete (kipakiti cha unga), akaipata, jioni akatafuta nyingine, na katikati ya kete na kete ndipo simu ya mama inapouzwa. Methadoni hupanda polepole na kukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Arosto inakatika, hamu inashuka, na aliyefikishwa kwenye kipimo kinachomfaa halewi. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2005. Kweli, nayo ni ya jamii ya afyuni kama heroini, na hapo ndipo ustadhi alipokwama: amesikia jina la ukoo akatoa hukumu, asitazame kinachotendeka kwa aliyeinywa.

Hukumu ya ulevi hufuata ulevi. Mtume (s.a.w.) amesema: "Kila chenye kulevya ni haramu." Najua nitajibiwa: lakini amesema pia kwamba kilicholevya kwa wingi, kichache chake nacho ni haramu. Ndiyo, na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameitumia kwa pombe na vinywaji vya namna yake. Ama vile ambavyo asili yake si kinywaji, kama banji (mmea wa kupoteza fahamu, si bangi), zafarani na kungumanga, wameharamisha kiasi kinachopoteza akili na wakaruhusu kidogo kisichoathiri. Hata operesheni waliizungumza zamani. Imamu Nawawi ameona inajuzu kumpa mtu kitu cha aina hiyo, kisicho kinywaji, ili akili yake iondoke akatwe kiungo kilichooza.

"Mbona methadoni ni ya maji?" Hili nimeulizwa na watu wasomi kabisa. Wanavyuoni wetu walilimaliza zamani: bangi ikiyeyushwa kwenye maji haichukui hukumu ya najisi ya pombe, na pombe ikigandishwa haitoki katika hukumu ya pombe, kwa kuwa kinachotazamwa ni asili. Kuyeyusha dawa ili ipimike sawasawa hakuigeuzi ikawa mvinyo.

Ibaki ile hadithi inayosomwa sana mimbarini, ya Tariq bin Suwayd katika Sahihi Muslim, aliyemwambia Mtume (s.a.w.) kwamba anatengeneza pombe kwa ajili ya dawa, naye akamjibu: "Hiyo si dawa, bali ni ugonjwa." Naikubali kichwani na machoni, na asije mtu kuniuliza kuhusu konyagi ya kutibu kifua. Lakini hadithi imekuja kwa pombe. Mtume huyo huyo aliwaruhusu Zubayr na Abdurrahman bin Awf kuvaa hariri kwa sababu ya mwasho, na hariri ni haramu kwa wanaume. Aliwaelekeza watu wa Urayna kunywa maziwa na mikojo ya ngamia, na Mashafii wanaouhesabu mkojo huo kuwa najisi wanasema ni ruhusa ya tiba. Mwenye kuchukua hadithi moja akaziacha hizi zote hajaifuata Sunna, amefuata hasira zake kwa mateja. Hasira hizo nazielewa, maana nani mtaani hajaibiwa? Lakini hazitoi hukumu.

Ajabu ni kwamba suala la mwanao si geni hata kidogo. Ibn Hajar al-Haytami, Mshafii aliyeishi Makka na kufariki mwaka 974 Hijria, aliulizwa juu ya mtu aliyezoea afyuni mpaka hali yake ikawa asipoitumia ataangamia. Akajibu kwamba ikijulikana kuwa ataangamia, inakuwa halali kwake, bali ni wajibu, kwa kuilinda roho yake, kama mzoga kwa aliyeshikwa na njaa. Akaongeza kwamba ni lazima apunguze kidogo kidogo mpaka tumbo liache kuitamani bila lenyewe kuhisi. Ibn Abidin wa madhehebu ya Hanafi akayanukuu maneno hayo. Tazama basi: Ibn Hajar aliruhusu afyuni yenyewe, bila daktari, bila kipimo, bila dirisha la hospitali. Leo ipo dawa isiyomlewesha, inayotolewa kwa mkono wa mtaalamu, na mtu wa mtaani anaiharamisha!

Wenye hoja kali zaidi hunishika hapo hapo. Wanasema Ibn Hajar ameweka sharti la kuangamia, na arosto haiui: ni kuharisha, kutapika, mifupa kuuma na kupiga miayo, basi avumilie. Ni kweli arosto yenyewe kwa kawaida haiui. Kinachoua huja baadaye. Kijana anavumilia wiki mbili tatu, mwili unasahau, hamu haisahau. Siku anayoteleza anajidunga kiasi kile kile cha zamani, pumzi inakata. Nimeosha maiti za vijana walioachishwa kwa nguvu, wazazi wao wakiwa wameshatangaza kwamba mtoto amepona. Na asiyekufa kwa hilo anarudi kwenye sindano za kupokezana, na ukimwi na homa ya ini humo ndimo vinapopita. Allah anasema: "Wala msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizo." Isitoshe, nimeshakuonyesha kwamba kisicho pombe hakihitaji kungojea dharura ya kifo ndipo kitumike kutibu.

Wengine hukubali dawa, kisha humhesabia mgonjwa miezi: Ibn Hajar amesema apunguze, mbona wewe mwaka wa pili? Wasome mpaka mwisho wa sentensi. Amesema bila tumbo kuhisi. Basi mwendo wa kupunguza hupangwa na anayejua mwili unahisi nini, na huyo ni daktari pamoja na mgonjwa mwenyewe. Wapo wanaomaliza, wapo wanaokaa nayo miaka mingi kama wa presha na kidonge chake. Mimi simwekei mwanao tarehe, na msikubali mtu mwingine amwekee. Ipo pia naltreksoni, ambayo hailevyi, bali huuzuia unga usifanye kazi mwilini. Inataka mtu awe ameshakaa siku kadhaa bila unga wala methadoni, na haimfai kila mmoja. Waulizeni kliniki.

Kuhusu siku arubaini: hadithi hiyo ipo, katika Tirmidhi na wengineo, nayo inamhusu mnywaji wa pombe. Tena wanavyuoni wameifasiri kwamba anakosa thawabu, lakini faradhi inaanguka na haruhusiwi kuiacha, na mwisho wa hadithi unasema akitubu Allah humpokea. Kuichukua ukamtupia mgonjwa aliyetubu na kuacha sindano, akaacha na msikiti, ni msiba. Kipimo cha sala kimo katika Suratun Nisaa: msiikaribie hali mmelewa mpaka mjue mnayoyasema. Mwanao anajua anayoyasema? Sala yake ni sahihi na adhana yake ni sahihi. Wiki za mwanzo dawa huweza kumsinzisha. Akisinzia ameketi makalio yamekaa imara chini, udhu wake upo. Akilala ubavu, atawadhe.

Halali hii ina mipaka, na mwanao aijue. Asichanganye methadoni na pombe, valiamu au kete ya pembeni, kwa kuwa mchanganyiko huo husimamisha pumzi, na kujua hivyo kisha kuufanya ni dhambi. Akija kuruhusiwa dozi ya kwenda nayo nyumbani, asimwonjeshe mtu: kinachomtuliza yeye kinaweza kumuua mtoto au rafiki asiyezoea. Asiiuze. Akianzishiwa dawa za kifua kikuu, amwambie daktari kwamba yuko kwenye methadoni, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huipunguza nguvu na arosto hurudi mtu akadhani amerogwa.

Kisomo msikiache. Msomee Fatiha na Mu'awwidhatayn, mpake mafuta ukipenda. Mtume (s.a.w.) alisoma ruqya na pia akasema: "Jitibuni, enyi waja wa Allah," hakutuchagulisha kati ya viwili. Lakini akitokea mganga au mwenye nyumba ya soba (makazi ya wanaoacha unga) akakwambia umfunge mnyororo mpaka shetani wa unga atoke, mkatalie. Kuna nyumba za soba zinazofanya kazi njema sana. Za minyororo hazimo humo.

Na wewe, mama, umechoka. Usimsimange kwa ya nyuma akiwa katika arosto. Mpeleke mwenyewe kesho, mshikane mikono kama alipokuwa mdogo, hata akiona haya. Nitazungumza na ustadhi nikipata namba yake, kwa siri, ingawa yeye alimsema mwanao hadharani.

Ramadhani: kumeza dawa mchana kunafunguza. Waombeni kliniki mapema, kabla ya mwezi kuandama, kama wanaweza kumpa baada ya futari au kabla ya alfajiri. Ikishindikana, basi ni mgonjwa: atakula, na atalipa atakapoweza. Madaktari wakisema ataendelea na dawa na hakuna tarajio la kuweza kulipa, atatoa fidya, kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, na kama hana kitu hadaiwi leo. Asiruke dozi ili afunge.

Zaka: wewe usimpe zaka yako, kwa kuwa mtoto fukara asiyeweza kujitegemea matumizi yake yako juu yako. Kaka yako hayumo katika wajibu huo, kwa hiyo zaka yake kwa mpwa wake fukara inasihi, na ana ujira wa zaka na wa kuunga udugu. Ampe kijana mwenyewe, iwe mali yake, naye alipie daladala.

Wallahu a'lam.