Maswali ya Wasomaji: Je, Yaliyonipata Yanaweza Kuwa Kazi Yangu?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 41, Mkongo niliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na sasa ninaishi Columbus, jimbo la Ohio. Kwa muda mrefu nilikunywa pombe kwa siri, na nilipofiwa na mume wangu nikaingiwa na sonona hadi nikalazwa. Leo nina miaka minne sijaonja pombe. Muuguzi wangu anasema kipo cheti kinachowawezesha watu kama mimi kuwasaidia wagonjwa wengine. Nimeishia shule ya msingi, Kiingereza changu ni cha kazini, na niliwahi kukamatwa nikiendesha gari nikiwa nimelewa. Nitakubaliwa? Na watu wa kanisani wakijua je?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole kwa kufiwa. Kazi aliyokutajia muuguzi ipo, na hayo uliyopitia ndiyo sharti lake la kwanza. Kwa Kiswahili wengi tunaiita kazi ya msaidizi rika, na sioni neno linaloifaa zaidi, kwa kuwa rika ni watu walioingia jandoni au unyagoni pamoja, wakaumia pamoja na kutoka pamoja. Daktari anaweza kuujua ugonjwa kuliko wewe, lakini hakuwahi kuificha chupa ndani ya gunia la unga.

Nchini Marekani cheti hiki hutolewa na kila jimbo kwa masharti yake. Georgia ilitangulia mwaka 1999 kuifanya huduma hii ilipwe na Medicaid, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mwaka 2007 serikali ya shirikisho iliyaandikia majimbo kwamba bima hiyo inaweza kuilipia, mradi anayeitoa amepata mafunzo na cheti, na anasimamiwa na mtaalamu. Kwa sababu hiyo waajiri wengi hukitaka cheti kabla ya kukuajiri.

Ohio humtaka mwombaji asome saa 40 za mafunzo pamoja na masomo mafupi ya mtandaoni, kisha afanye mtihani. Kuhusu elimu yako, usikate tamaa mapema: viwango vya mfano vilivyotolewa mwaka 2023 na SAMHSA, idara ya shirikisho inayoshughulikia uraibu na afya ya akili, havidai cheti cha sekondari, bali vinapendekeza mwombaji ajue kusoma, kuandika na kuzungumza vizuri lugha atakayowahudumia watu. Majimbo hayalazimiki kuvifuata, kwa hiyo iulize ofisi ya vyeti ya jimbo lako kuhusu elimu, lugha ya mtihani na kesi yako ya zamani. Kesi hiyo usiifiche hata kidogo, kwa sababu rekodi za polisi hukaguliwa, na uongo utakuponza kuliko kosa lenyewe. Kama bado hujawa raia, muone kwanza wakili wa uhamiaji kabla ya kuandika popote habari za kukamatwa au za kutumia dawa za kulevya, maana maneno hayo yanaweza kugusa makaratasi yako.

Sasa nije kwenye jambo ambalo fomu haziliulizi. Nilipokuwa mafunzoni tulipewa zoezi la wawili wawili: mwenzako anakueleza kwamba jana amelewa tena baada ya miezi sita, nawe una dakika mbili za kumjibu. Nilizitumia zote kumsimulia safari yangu, kwa moyo wote, na nilipomaliza mwenzangu alikuwa anatazama sakafu. Mwalimu aliniuliza swali moja tu: «Hiyo hadithi ilikuwa ya nani?» Tangu siku hiyo hutoa kipande kidogo cha maisha yangu, pale tu kinapomfungulia mwenzangu mlango wa kusema lake, kisha hunyamaza. Utafundishwa pia kutomkopesha fedha unayemhudumia na kutomlaza nyumbani kwako. Kwetu sisi tuliolelewa kumkaribisha kila mwenye shida hilo ni gumu kweli, lakini akishakuwa na deni lako ataanza kukukwepa siku ile ile anayokuhitaji.

Kuhusu kanisani, siri za wanaotibiwa uraibu zinalindwa na kanuni za shirikisho, na msimamizi wako atakueleza mipaka yake, hasa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Kwa kuwa jamii yetu huko ni ndogo, kubaliana na kila unayemhudumia tangu siku ya kwanza mtasalimianaje mkikutana ibadani au harusini. Wengine watataka upite kama hamjuani. Habari zako mwenyewe ni mali yako. Cheti hakikulazimishi kuzitangaza madhabahuni, ingawa mwajiri atajua kwamba umepitia hali hiyo. Waambie watoto wako kwanza, kabla hawajazisikia kwa jirani, na siku za maadhimisho ya kifo cha baba yao usijipangie zamu. Mwambie msimamizi wako mapema.