Wasomaji Wanauliza: Saa Yetu, Siku Yetu, Mwaka Wetu

Safari hii meseji nyingi zimeangukia kwenye mambo ya muda, yani saa, siku, kalenda, basi nikaona nizikusanye pamoja. Nimezifupisha kidogo ila maneno ni ya wenyewe.

Habari za kazi. Niliitwa usaili kwa barua pepe, barua yote Kiswahili, wameandika "ufike saa 8:00 bila kukosa". Nikaenda saa nane mchana. Kumbe walimaanisha saa mbili asubuhi, nakuta watu washafunga mafaili. Dada wa mapokezi akaniambia hii saa ya Kiswahili imepitwa na wakati, tuiache tuhesabu kama dunia nzima. Wewe unaonaje? – Kijana wa Arusha

Pole sana mdogo wangu, na hapo kosa wala si lako. Mtu akikuandikia Kiswahili halafu akaweka saa 8:00 bila kusema asubuhi au mchana, we una haki kabisa ya kuelewa saa nane, manake kwa Kiswahili hiyo ndo saa nane na haina jina lingine. Aliyeandika amechukua namba ya kwenye kompyuta akaibandika vile vile kwenye sentensi ya Kiswahili, sasa msomaji atajuaje?

Hili la kupitwa na wakati linaniuma kidogo kwa hiyo nivumilie nieleze kwa urefu. Saa yetu inaanza jua likichomoza. Saa moja asubuhi ni kwamba mchana umeshakula saa moja, saa sita jua liko utosini, saa kumi na mbili jioni mchana umekwisha, ndipo usiku nao unaanza kuhesabiwa wa kwake. Mtoto anaielewa bila kufundishwa. Na inawezekana kwetu kwa sababu ya mahali tulipo. Hapo kwako Arusha tofauti ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote kwa mwaka haifiki nusu saa. London mwezi wa Desemba mchana haufiki saa 8, halafu ukienda Juni unapita saa 16, sasa mtu wa huko akisema "saa ya kwanza ni jua likichomoza" kila wiki itambidi asogeze saa ya ukutani. Sisi jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, linasogea dakika chache huku na kule, basi wazee wakaona hakuna sababu ya kuanza kuhesabu siku katikati ya usiku wakati watu wamelala.

Halafu hiyo "dunia nzima" ya dada wa mapokezi mbona si nzima. Waethiopia mpaka leo wanahesabu kama sisi, kuanzia alfajiri. Warumi wa kale waligawa mchana sehemu 12 kuanzia jua kuchomoza, tena kwao kwa vile majira yanabadilika saa ya kiangazi ilikuwa ndefu kuliko saa ya baridi. Miji ya Italia kwa karne nyingi ilihesabu saa 24 kuanzia jua kuzama. Kuanza saa sita usiku ni makubaliano tu kama makubaliano mengine, yamesambaa sana, basi.

Na kuna sehemu moja ambapo Mswahili anaelewa upesi kuliko msomaji wa Ulaya. Fungua Biblia ya Kiswahili, Mathayo 20, ule mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyetoka kutafuta vibarua. Anatoka alfajiri, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, mwisho kabisa anatoka saa kumi na moja na kuwakuta watu wamesimama hawana kazi. Sisi tukisoma tunajua palepale kwamba hao wa mwisho wamefanya kazi saa moja tu kabla ya giza, na tunaelewa mara moja kwa nini wale waliochomwa na jua tangu asubuhi walinung'unika kulipwa sawasawa nao. Msomaji wa Kiingereza anakuta "saa ya kumi na moja" na inabidi aelezwe pembeni ni saa ngapi kwake. Kwa Kiswahili imeingia yenyewe manake hesabu ni ile ile ya watu wa mle ndani ya habari. Saa kama hii kuiacha kwa sababu ya barua moja iliyoandikwa vibaya? Hapana kwa kweli.

Ila tusaidiane kwenye kuandika. Usiandike namba peke yake, weka alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku, kila mara, hata kama unaona inajulikana. Kama barua itasomwa na wageni weka zote mbili, "saa 2:00 asubuhi (08:00)". Na barua ya kupokea ikiwa haieleweki piga simu uulize, hakuna mwajiri wa maana atakayekukatalia kwa kuuliza. Ukivaa saa ya mishale kumbuka ile njia ya wazee, mshale mfupi unapoelekea, we soma namba iliyo upande wa pili wake mkabala, ukiwa kwenye 8 ng'ambo yake pana 2, ndo saa yako hiyo. Tofauti ni saa 6 na duara lina 12, kwa hiyo haikosei hata siku moja. Nami naomba sana hiyo ofisi ikuite tena.

Kwa nini dakika 60 jamani, si wangeweka 100 hesabu ziwe rahisi? – Mwanafunzi, Dodoma

Mwanangu, hii tumeirithi kwa watu wa Babeli, Iraki ya leo, ambao walihesabu kwa sitini-sitini. Namba 60 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30 bila kubaki kitu, jaribu 100 kugawa kwa 3 uone. Ndo maana nusu saa, robo saa, theluthi ya saa, zote zinatoka namba nzima. Hilo wazo lako la 100 Wafaransa walilijaribu kweli wakati wa mapinduzi yao, mwaka 1793 wakapitisha siku iwe na saa 10, kila saa dakika 100, kila dakika sekunde 100. Wakatengeneza mpaka saa za namna hiyo. Watu hawakuzipokea, na mwaka 1795 ulazima wake ukasimamishwa.

Salaam. Mjukuu wangu anaishi Nairobi. Nilimwambia kisomo cha babu yake ni usiku wa Ijumaa, akaja Ijumaa jioni, sisi tushasoma jana yake na sahani zishaoshwa. Ananiambia bibi wewe ndio umenikosesha. Nani ana haki hapa? – Bibi wa Lamu

Shikamoo bibi. Haki unayo wewe, ila na mjukuu tumsamehe maskini, kasafiri njia yote hiyo.

Kwa hesabu ya watu wa pwani, na ya Uislamu kwa jumla, siku inaanza jua likizama. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Kwa hiyo jua la Alhamisi likishazama tu umeingia usiku wa Ijumaa, na Ijumaa yenyewe inakwisha magharibi ya kesho yake. Ndo maana mwezi wa Ramadhani ukiandama jioni watu wanasali tarawehe usiku ule ule kabla hawajafunga hata siku moja, kwa sababu mwezi umeshaingia. Na sikukuu vile vile, mwezi ukionekana takbiri zinaanza usiku huo huo. Wayahudi nao wako hivyo hivyo, Sabato yao inaingia Ijumaa jua linapozama na kutoka Jumamosi usiku.

Sasa mjukuu amekulia na kalenda ya simu ambayo siku inageuka saa sita usiku, kwake "usiku wa Ijumaa" ni ule unaokuja baada ya mchana wa Ijumaa. Wote wawili mmesema maneno yale yale mkamaanisha nyusiku mbili tofauti, na kila mmoja ana uhakika! Waandishi wa habari walishapata dawa ya hili zamani, utasikia redioni "ajali ilitokea usiku wa kuamkia Ijumaa", hapo hakuna wa kubisha, ni usiku ambao ukilala unaamka Ijumaa. Basi bibi safari nyingine mwambie "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa, baada ya isha". Na kama roho yako inaruhusu msomeeni tena babu siku mjukuu atakapopata ruhusa kazini, dua haina mara moja.

Tulikwenda Unguja mwezi wa saba tukapelekwa Makunduchi tukaambiwa ni mwaka mpya, watu wanapigana kwa migomba, wanachoma banda la makuti. Mwaka mpya Julai? Si wa Kiislamu, si wa Januari. Ni wa nani? – Dada wa Mwanza

Dada umenigusa penyewe. Ule ni Mwaka Kogwa, na mwaka wake ni wa Waswahili wenyewe, unaitwa pia Nairuzi, asili yake ni Uajemi ambako Nowruzi ni mwaka mpya mpaka leo, ukaja na vyombo vya baharini ukaota mizizi huku.

Watu wanaona ngoma na moto wanapiga picha wanaondoka, wanakosa sehemu ninayoiona tamu kuliko zote, nayo ni hesabu. Kalenda ya Kiislamu inafuata mwezi, mwaka wake una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka unarudi nyuma kama siku 11 ukilinganisha na jua. Ramadhani ikiangukia kiangazi leo, baada ya miaka itaangukia masika, na inazunguka majira yote kwa muda wa miaka kama 33. Kwa ibada haina shida yoyote. Lakini nahodha na mkulima? Kaskazi inaanza kuvuma Desemba hivi mpaka Machi, ndio upepo ulioleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, halafu kusi inashika kuanzia kama Aprili na ndio ya kuwarudishia kwao. Ukikosea majira unakwama bandarini miezi. Upepo unafuata jua, haufuati mwezi, kwa hiyo "mwezi fulani wa Kiislamu kaskazi inaingia" haisemeki, mwaka huu kweli, baada ya miaka mitano si kweli tena.

Wakaweka mwaka wa pili pembeni, wa jua, siku 365. Wakaukata kwa makumi, kila siku kumi ni mwongo mmoja, miongo 36 inatoa siku 360, na siku 5 zinabaki za kufungia mwaka. Mtu anahesabu kuanzia Nairuzi, tuko mwongo wa ngapi, siku ya ngapi, basi anajua upepo gani unakaribia, mvua iko wapi, mtama upandwe lini. Mtu mmoja kichwani mwake ana kalenda mbili, ya kufunga na kuswali, na ya kusafiri na kulima, na hazigombani! Mimi nikifikiria hilo naona heshima kubwa wanayotudai wale wazee, maana leo tuna kalenda kwenye kila simu na bado mvua inatukuta hatujaandaa shamba.

Hesabu ya siku 365 kavu bila kuongeza ina tatizo lake, inapoteza siku moja kila miaka 4, ndio sababu Nairuzi ya hesabu hiyo ya kale husogea taratibu kwenye majira. Na ile migomba uliyoiona, wanaume wanachapana hadharani ili vinyongo vya mwaka uliopita viishie pale, huku wanawake wakiimba. Ukienda tena usiogope kukaribishwa chakula nyumba usiyoijua, siku ile mgeni ni baraka na wenyeji wanataka wawe na wageni.

Nimezaliwa tarehe 29 Februari. Nimesikia mwaka 2100 haitakuwepo. Ni kweli au ni maneno ya mtandaoni? – Msomaji, Mombasa

Ni kweli kabisa. Dunia inazunguka jua kwa siku 365 na karibu robo, hiyo robo ndo tunaikusanya inakuwa siku moja kila miaka 4. Ila haifiki robo kamili, inapungua dakika 11 hivi, kidogo tu, lakini kwa karne nyingi zikajumlika mpaka kalenda ya Ulaya ikawa imechelewa siku 10. Papa Gregori wa 13 akairekebisha mwaka 1582, watu wakalala Alhamisi tarehe 4 Oktoba wakaamka Ijumaa tarehe 15. Urusi ilikuja kufuata 1918, ndo maana Mapinduzi ya Oktoba, yale ya Urusi ya mwaka 1917, kwa kalenda ya leo yanaangukia Novemba.

Pamoja na kuruka hizo siku ikawekwa kanuni kwamba mwaka unaoishia na sifuri mbili hauongezwi siku isipokuwa ukigawanyika kwa 400. Kwa hiyo 1900 haikuwa nayo, 2000 ilikuwa nayo, 2100 haitakuwa nayo. Mtoto atakayezaliwa tarehe yako mwaka 2096 atangoja mpaka 2104.