Weka kopo la rangi chini kwanza, hiyo minibaiki hujaijua bado

Juzi msomaji mmoja wa hapa hapa Ohio kanitumia picha tatu na meseji, "kaka kuna mzee anauza hii minibaiki anasema ni Rupp ya 1970, anataka dola 900, nichukue au napigwa?" Rupp ni kampuni ya zamani ya hapa Ohio iliyokua inatengeneza hivi vipikipiki vidogo. Nikafungua picha. Ya kwanza injini, ya pili injini, ya tatu stika. Fremu yenyewe haionekani! Sasa hapo ndo watu tunapoliwa hela, nikaona nijibu hapa badala ya inbox ili na wengine mpate.

Kwa mliokuja Marekani juzi, minibaiki ni vile vipikipiki vya chini chini, vitairi kama vya toroli, injini za familia moja na zile za mashine za kukatia majani. Miaka ya 60 na mwanzo wa 70 vilikua moto kweli kweli, Sears na Montgomery Ward walikua wanaviuza mpaka kwenye katalogi. Viwanda vilikua vingi sana, vingine vidogo tu, na fremu ileile ilikua inaweza kuuzwa kwa jina hili duka hili na jina lingine duka la pili. Rupp wao walikua Mansfield, hapo njiani ukitoka Columbus kwenda Cleveland, na mwenye kampuni, Mickey Rupp, alikua dereva wa mashindano, 1965 alimaliza wa 6 kwenye Indianapolis 500. Jina hilo linapandisha bei, ndo maana Ohio hii kila mwenye chuma chake cha kutu nyuma ya banda anakwambia ni Rupp.

Na mimi minibaiki yangu niliambiwa ni Rupp. Jamaa alikua anahama, anauza vitu vya gereji, kakitoa nje kimejaa utando wa buibui, kimepakwa rangi nyeusi ya kopo mpaka juu ya cheni, yaani aliyepaka hata cheni hakutoa. Nikalipa bei ya chuma chakavu nikaondoka nacho. Bahati mbaya nikaweka picha kwenye grupu letu la Wabongo. Mh! Walivyonishukia. Mmoja akaandika "huyu ndo anajenga kwao?" mwingine "mtu mzima na baiskeli ya mtoto", emoji za kucheka zikashuka mpaka usiku, na mmoja wao ni mtu niliyempokea eapoti mwenyewe, akalala kwangu, akala kwangu. Sijasahau na wala sijifanyi nimesahau.

Basi nikaingia gereji. Kitu cha kwanza sikununua rangi wala tairi, nilifungua injini nikaitoa nikaangalia sahani, yaani lile bati la fremu injini inapokaa. Ndugu zangu hapo chini ndo kuna siri zote, kwa sababu mtu anayepaka rangi ya kopo huwa hatoi injini. Chini ya nyeusi kulikua na kijani, chini ya kijani ndo rangi ya kiwandani, nyekundu. Af angalia matundu ya bolti, ukikuta yapo ya ziada ujue injini nyingine ilishawahi kukaa hapo. Angalia foki ya mbele, bomba zilivyokunjwa, stendi ilivyochomelewa, rimu za spoku au za bati. Yote hayo linganisha na picha za katalogi za zamani, zipo nyingi mtandaoni. Yangu nililinganisha mpaka macho yakaniuma, sio Rupp hata kwa kusingizia, ni ya katalogi ya Wards, hao hao Montgomery Ward, mwisho wa miaka ya 60. Na nikaipenda zaidi hapo, sijui kwa nini.

Injini nayo ina cheti chake. Yangu ni ya kampuni ya Tecumseh, modeli HS40, hiyo 40 maana yake hospawa 4, yaani nguvu ya farasi wanne. Namba ya SER, yaani serial, ilikua inaanza na 9156, namba ya kwanza ni mwisho wa mwaka, tatu zinazofuata ni siku ya ngapi ya mwaka, kwa hiyo ni tarehe 5 Juni ya 1969 au 1979, ukishajua fremu ni ya lini unachagua. Ukiwa na injini ya Briggs & Stratton ni rahisi zaidi, tafuta namba iliyoandikwa "code", inaanza mwaka, mwezi, tarehe, mfano 690512 ni 12 Mei 1969. Ila narudia, injini inakwambia habari za injini tu. Hizi zilikua zinahamishwa kama wapangaji. Fremu kwanza!

Kuwasha sasa. Plagi haikua inatoa cheche kabisa. Nikavua flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa pula, kifaa cha kuchomolea (usigonge na nyundo nakuomba), pointi, vile vibati vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche, zipo chini yake zimeota ukungu mweupe, nikapitisha msasa laini, nikaweka gepu ya inchi 0.020 ambayo ni kama nusu milimita. Angalia na kii ya flaiwili, kile kichuma kidogo kinachoishikilia kwenye shafti, ikikatika kidogo tu taimingi, yaani wakati wa cheche, inahama na utavuta kamba mpaka bega litoke. Koili, inayozalisha umeme wa plagi, nikaipimia umbali wake na flaiwili kwa kadi ya biashara. Kabureta ilikua imejaa petroli iliyogeuka gundi, hiyo ni kuosha tu na kuzibua jeti, kale katundu ka kupitishia petroli. Nikaangalia oili, nikavuta kamba. Ikakohoa. Nikavuta tena ikawaka, nilipiga kelele mke wangu akatoka na mwiko mkononi akidhani nimeumia.

Nikarekodi video nikarusha kwenye grupu. Kimya. Baadae yule yule wa baiskeli ya mtoto akanifata inbox eti naomba nije na mwanangu apige picha nayo ya besdei. Nimemsoma, sijamjibu.

Ndo maana nasema tuache haraka ya kung'arisha vitu. Sisi tunapenda sana kitu king'ae kabla hatujajua ni nini, gari hivyo hivyo, nyumba hivyo hivyo, hata wachumba. Rangi ya kiwandani ikiwa mbovu bado ni ya kiwandani, ukishaipiga msasa hairudi. Na nyie vijana mnaotoa gavana, kile kifaa kinachozuia injini isizunguke kupita kiasi, ili ikimbie, konrodi za injini hizi, yaani vyuma vinavyounga pistoni na krenki, ni za aluminiamu, zikikatika zinatoboa blok. Breki nyingi ni kibati kinachobana tairi, mvua ikinyesha huna breki. Haina taa, haina plate namba, kaa nayo shambani, vaa helmeti.

Haya wewe wa dola 900. Rudi kwa mzee, omba kwa heshima uinue minibaiki, nipigie picha ya shingo ya fremu, foki, na chini ya sahani ya injini. Pima na cheni, pini hadi pini ni inchi 3/8 au 1/2, nitakwambia sproketi za kutafuta. Akikukataza kuiangalia chini, mshukuru uende zako. Akikubali na ikawa ya katalogi kama yangu, anzia 250 na usioneshe kwamba umeipenda.