Kontena la vitu au ada? Jibu langu kuhusu marafiki wa Kilutheri na shule zetu za kanisa

Dada uliyeuliza, nimeisoma mada yako yote. Usharika wenu umepata barua kutoka usharika rafiki wa jimbo la Minnesota, Marekani, wakiuliza mnahitaji nini kwa ajili ya sekondari ya kanisa, kamati imegawanyika, wengine wanataka kontena, wengine hela ya ada, na mzee mmoja kasema msiombe kitu, mchange wenyewe. Ngoja nijibu kwa urefu kidogo maana mimi nimekulia Iringa ndani ya KKKT, yaani kanisa letu la Kilutheri Tanzania, na sasa hivi naishi St. Paul, mji wa huko huko Minnesota, hawa watu nasali nao, nashona nao mablanketi na nimekaa kwenye kamati yao ya urafiki na huko nyumbani.

Jibu langu ni hili, kontena achaneni nalo. Ombeni ada pamoja na vile vitu vidogo vinavyoizunguka ada, na huyo mzee msimpuuze, ana hoja kubwa kuliko mnavyodhani, nitarudi kwake.

Kwanza mjue mnaongea na nani. Nyumbani tunadhani anayetuma msaada kutoka Marekani ni tajiri. Wengi wao ni wastaafu, walimu, manesi, wajane wa wakulima, bibi wa miaka sabini na kitu themanini na kitu, wanakutana katikati ya wiki kwenye besimenti ya kanisa, chai na kahawa mezani halafu kazi. Wanachukua vitambaa vya kila aina, mapazia ya zamani, vipande vilivyobaki kwa fundi, vinakatwa mraba mraba na kuunganishwa, katikati inawekwa pamba, chini linakaa shuka kuukuu lakini zima, kisha watu wanazunguka meza wanapitisha sindano yenye uzi mnene na kufunga fundo, wanasogea kama kiganja hivi wanafunga lingine, mpaka blanketi lote limeshikana. Bibi mmoja pale vidole vimepinda kwa baridi yabisi, hawezi tena kushika mkasi, kazi yake ni kukaza mafundo tu na ukikosea fundo anakurudisha ulifungue. Wanafanya hivi mwaka hadi mwaka na hawataonana kabisa na atakayejifunika.

Hayo mablanketi wengi wanayapeleka kupitia Lutheran World Relief, shirika lililoanzishwa 1945 ili Walutheri wa Marekani wasaidie Ulaya iliyokuwa imebomoka kwa vita. Kuna masharti. Kipimo ni inchi 60 kwa 80, karibu mita moja na nusu kwa mbili, ili yafungashike vizuri na familia zisipewe makubwa na madogo zikaanza kugombana. Na kitambaa chenye madoa ya kijeshi hakitakiwi kabisa, sababu fikiria mtu yuko eneo la vita amejitanda kitambaa kama cha askari, hiyo inaweza kumgharimu maisha. Yamefika Syria, yamefika Ukraine baada ya 2022. Mtu aliyekimbia usiku bila kitu blanketi kwake ni kitanda, ni pazia la kugawa hema, ni mbeleko ya mtoto. Na kuna mifuko ya shule pia, wanashona begi la kitambaa lenye kamba, ndani madaftari manne, kalamu, penseli, rula, kichongeo, kifutio, mkasi butu na rangi. Mtoto wa kambini anaanza shule siku hiyo hiyo.

Sasa hapo ndipo kamati yenu inapochanganya mambo. Vitu kusafirishwa kutoka mbali vina maana pale ambapo maduka hayapo, au yapo lakini barabara zimekatika au watu hawana hata shilingi. Shule yenu iko nusu saa kutoka mjini! Daftari lipo dukani, godoro lipo, fundi wa kutengeneza madawati yupo tena anahitaji kazi. Kuna shule moja siitaji jina, nilikuwa naifuatilia kutoka huku, waliletewa kontena, kompyuta zilizotumika na vitabu. Likakaa bandarini wakihangaikia barua za msamaha wa kodi, siku zinaenda na gharama za kulihifadhi zinapanda, lilipotoka bado kulikuwa na lori la kulifikisha mkoani. Vitabu vingi havikuendana na mtaala wetu, kompyuta nyingine zilikuwa zimeshakufa. Wale bibi walikusanya hela ya kusafirisha kwa kuuza keki na kupika chakula cha jioni kanisani, mimi nilikuwepo nawaona wakiosha sufuria mpaka usiku. Hela ile ingelipa mwalimu wa fizikia. Iliniuma sana na bado inaniuma.

Kuhusu ada, kuna mdau ameandika hapo juu kwamba elimu ni bure sasa hivi kwa hiyo ada ya nini. Ni kweli shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita wakaongezwa 2022. Lakini shule za kanisa haziingii humo, zinaendeshwa kwa ada. Na wazazi bado wanazitafuta sababu ya bweni. Binti anayetembea kilomita nyingi kwenda sekondari ya kata, akirudi giza, achote maji, apike, saa ngapi atasoma? Wengine wanapangisha chumba kijijini karibu na shule, mtoto wa miaka kumi na nne anaishi peke yake, yanayotokea huko wote tunayajua. Bweni lenye matroni na taa ya kusomea ndiyo tofauti kati ya kumaliza na kutomaliza.

Huku St. Paul kuna ushirikiano unaitwa Bega Kwa Bega, jina wamelibeba hivyo hivyo kwa Kiswahili, ni sinodi ya eneo la St. Paul, yaani kama dayosisi ya huku, na Dayosisi ya Iringa tangu miaka ya 80. Sharika za huku zina sharika rafiki kule na sehemu kubwa ya kinachokwenda ni ada za sekondari. Ninachokipenda hapo ni kwamba hela inapita dayosisi, sio mfukoni kwa mtu, na wanaochaguliwa wanapendekezwa na usharika wenyewe, yaani mwinjilisti na wazee wa mtaa wanaojua nani ni yatima kweli na nani baba yake ana mashine ya kukoboa.

Lakini sikiliza dada, ada peke yake haitoshi na hapa ndipo wafadhili wengi hawajui kwa sababu hatuwaambii. Chukua ile fomu ya kujiunga na shule uisome. Tranka na kufuli. Godoro. Shuka pea mbili. Blanketi zito, maana Iringa mwezi wa sita na wa saba sio mchezo. Ndoo yenye mfuniko, jembe na mpini wake, fyekeo, ufagio wa chelewa, rimu ya karatasi, sweta, viatu vyeusi vya kamba, taulo za kike, nauli. Kuna watoto ada imeshalipwa kabisa na hawakuripoti, mama ameikunja fomu akaificha kwenye kabati sababu hana hela ya godoro na anaona aibu kwenda kumwambia mchungaji baada ya kusaidiwa ada. Mimi nilikuja kuitafsiri fomu moja yote nikaisoma kwenye kamati yetu, walipofika kwenye jembe na fyekeo wakauliza ya nini, nikawaeleza shamba la shule ndilo linawalisha, wakanyamaza kidogo halafu mmoja akasema basi tuongeze fungu la kuripoti. Likaongezwa. Kwa hiyo ombeni ada pamoja na fungu la kuripoti, lisimamiwe na mwalimu mmoja wa kike, vitu vinunuliwe hapo hapo mjini.

Kingine ni walimu. Ajira za serikali zikitangazwa tu walimu wa hesabu na sayansi wanaondoka shule za kanisa, na huwezi kuwalaumu, kule kuna uhakika wa mshahara na pensheni. Marafiki wengi wanapenda kujenga, jengo linapigwa picha, mshahara haupigwi picha. Waambieni wazi kwamba nyumba ya mwalimu na nyongeza ya mwalimu wa fizikia ni hitaji sawasawa na darasa. Wataelewa, wengi wao wamefundisha maisha yao yote.

Sasa nirudi kwa mzee wenu. Mwaka 1965 mmisionari David Simonson aliyekuwa kwa Wamasai alianzisha na watu wa Minnesota mpango ulioitwa Operation Bootstrap, na utaratibu wake ulikuwa kwamba kijiji kinatoa nguvu kazi, wanasimamisha kuta, marafiki wanatoa vile vya dukani kama bati na saruji. Madarasa mengi ya msingi yalijengwa hivyo. Mpango huo huo baadaye ndio ulioshika mkono sekondari ya wasichana ya MaaSAE pale Monduli, iliyofunguliwa 1995 kwa ajili ya mabinti wa kifugaji ambao wangeozwa mapema. Kwa hiyo mzee anaposema tuchange wenyewe anaongea kitu kilichoshafanya kazi. Mnada wenu baada ya ibada, yale mayai, ndizi na kuku wa mama Askofu Jumapili, wekeni mnada mmoja kila mwezi uwe wa shule tu, na kwenye barua muandike kwamba sisi tunasomesha watoto kadhaa kwa mnada wetu, tunaomba mtushike mkono kwa wengine. Barua ya namna hiyo nimeiona ikisomwa hapa kanisani, watu walisimama.

Na mdau aliyesema hawa wazungu wanasaidia mbali ili wapate picha, hapana ndugu yangu, umewakosea. Miaka ile Wakongomani waliokaa kambi za wakimbizi za Nyarugusu kwetu na Kakuma Kenya wanaletwa huku, wale wale wanaoshona ndio walikuwa wanabeba vitanda ghorofani, wanapanga vyombo, wanahakikisha familia inakuta chakula cha moto kinachofanana na cha kwao. Mimi niliitwa kutafsiri, Kiswahili cha Kongo na cha kwetu tukaelewana vizuri tu. Ndege ikifika usiku, baridi nje imeganda, mzee wa miaka sabini na kitu amesimama uwanja wa ndege ameshika makoti saizi mbalimbali. Wageni wapya walisimamishwa Januari 2025 lakini waliokuwepo bado wanapelekwa kliniki, watoto wanaandikishwa shule, barua za serikali zinasomwa nao mezani. Na kwetu pia TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, limefanya kazi hiyo tangu 1964, Watanzania wakifanya kazi na mkono wa Walutheri wa dunia nyuma yao, sio jambo la wazungu peke yao.

Kwa hiyo dada, kabla hamjajibu barua nendeni kwa mkuu wa shule, muombe vitu vitatu tu kwa maandishi: fomu ya kujiunga, orodha ya wanaodaiwa ada, na masomo yasiyo na mwalimu. Pelekeni kwa mchungaji, ipite dayosisi. Kisha chagueni mtu wa kuandika taarifa kila muhula, ukurasa mmoja unatosha, mkiwaambia na aliyefeli na aliyeacha shule, msiwaandikie mazuri tu. Huku wakikaa muhula mzima bila taarifa wanaanza kupoa, sio kwa ubaya, wanadhani hamuwahitaji tena. Ukishapata hiyo fomu iweke hapa au nitumie inbox, nitakutafsiria.