Dokta, meno yangu ya mbele yanapitisha mwanga

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni dereva boda hapa Buzuruga, nina miaka 26. Miezi kama mitano sasa nikinywa maji ya baridi meno yanakufa ganzi mpaka nafumba macho, na juzi nikiwa kwa kinyozi nikajiangalia kwenye kile kioo chake, meno mawili ya mbele ya juu ncha zake zimekuwa kama glasi, unaona kabisa mwanga unapita. Sili pipi, sivuti sigara. Nakunywa tu enaji moja kwa siku, chupa inaning'inia kwenye usukani napiga funda mojamoja kuanzia asubuhi mpaka saa nane. Jioni nasugua kwa limau na mkaa wa kusaga, niliona kwenye simu kwamba inang'arisha. Mama anasema nile dagaa kwa wingi, kalsiamu itarudisha. Kuna dawa ya kuotesha enameli, lile ganda gumu la nje la jino?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ya kuotesha hakuna, usije ukauziwa. Enameli ni ngumu kuliko hata mfupa lakini haina chembe hai, jino likishachomoza kwenye fizi chembe zilizoijenga zimeshaondoka, ndiyo maana dagaa wa mama watakusaidia mifupa lakini ncha iliyoliwa hawairudishi. Kazi iliyopo ni kusimamisha pale ilipofika.

Sasa hiyo enaji. Unasema "moja tu" kama vile ndiyo utetezi, kumbe ungeinywa yote kwa dakika tano pale kijiweni ungejiumiza kidogo kuliko hivi. Uchachu tunaupima kwa namba inayoitwa pH, ikishuka uchachu unapanda, maji safi ni 7, enameli inaanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, na vinywaji hivi vingi viko kwenye 3 hivi, limau lenyewe karibu 2. Ukipiga funda mate yanaanza kazi ya kuosha ile asidi na kurudisha madini kwenye jino, yanataka kama nusu saa hivi, lakini wewe kabla hayajamaliza umeshapata abiria wa Igoma umerudi umepiga funda jingine, kwa hiyo kuanzia asubuhi mpaka saa nane meno yako yanaogelea kwenye asidi na mate hayapati hata nafasi ya kupumua. Na usihamie ile isiyo na sukari ukidhani ndiyo salama, sukari inalisha bakteria wanaotoboa jino, huo ni ugonjwa mwingine, hapa kinachokula ni asidi yenyewe.

Halafu jioni ndo unamalizia kabisa. Limau linalainisha, mkaa unakwangua. Meno yanaonekana kung'aa siku mbili tatu, baadaye yanakuwa ya njano kwa sababu enameli imekonda na ile dentini ya ndani inaonekana, na mtu akiona njano anaongeza mkaa! Acha leo.

Fanya hivi. Kiu ya barabarani kata kwa maji, enaji kama huwezi kuiacha inywe mara moja na chakula kisha sukutua kwa maji ya kawaida, usipige mswaki hapohapo, subiri saa nzima. Embe bichi la chumvi na pilipili nalo vilevile (najua unakula, nani Mwanza hali). Mtindi kunywa tu, ni mchachu ndiyo ila una kalsiamu ya kutosha, hauli jino. Bigijii isiyo na sukari inaongeza mate. Mswaki uwe laini, dawa iwe na floridi (madini yanayoimarisha jino), angalia kwenye boksi kati ya 1000 na 1500 ppm, zipo za meno yenye ganzi, na ukimaliza tema povu tu, usisukutue, iache ibaki kwenye meno.

Kama unaamka mdomo mchachu au una kiungulia cha mara kwa mara sema, asidi ya tumboni inakula meno ya juu kwa upande wa ndani na hapo mswaki hausaidii mpaka tumbo litibiwe. Na nenda kitengo cha meno, hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Watakupaka vanishi ya floridi, na zile ncha wanaweza kuzijengea kwa ile plasta nyeupe inayokaushwa kwa mwanga wa bluu. Usisubiri zimeguke.

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 ana madoa ya kahawia meno ya mbele. Tuko Kwimba, maji ni ya kisima kirefu. Majirani wanasema soda imemla meno.

JIBU: Mama, soda haiweki madoa ya hivyo. Nikisikia kisima kirefu ukanda huo nawaza floridi iliyozidi, inaharibu jino likiwa bado linaumbwa ndani ya fizi, Shirika la Afya Duniani (WHO) wanataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mlete aonwe ili tuwe na uhakika, madoa yanapunguzwa, lakini msimsugue kwa limau. Maji kuchemsha hakuitoi floridi, yakipungua sufuriani ndo inazidi kukolea. Kama ana mdogo wake wa mwaka au miwili, huyo ndiye wa kumkingia ya mvua au kumchotea ya bomba la ziwani, huyu wa 9 meno ya mbele yalishaumbika.