Mtoto wa drafti akifika kwenye sataranji: kula si lazima

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba mwanao wa miaka 11 huwashinda watu wazima mtaani kwenu na hufumbua mafumbo ya sataranji kwenye simu bila kukwama, lakini alipokwenda kwenye mashindano ya vijana nje ya nchi alipoteza michezo sita kati ya tisa, mingi kabla ya hatua ya 30. Sasa unajiuliza kama wenzetu wana siri wanayofundishwa ambayo sisi hatuijui. Nimewafundisha watoto sataranji hapa Tanga, Ngamiani, kwa zaidi ya miaka kumi, na mara mbili nimesafiri nao nikiwa msindikizaji, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe. Nami nina swali langu: kabla ya sataranji, mwanao alikuwa akicheza drafti? Nauliza nikiwa karibu na yakini kwamba alikuwa akicheza.

Watoto wetu wengi hufika kwenye sataranji wakitokea barazani, ambako tangu wakiwa wadogo wamesimama nyuma ya wazee wanaocheza drafti huku kahawa ikizungushwa, wakajifunza kwa macho tu jinsi mtu anavyotoa kete moja ili ale tatu. Hiyo si elimu ndogo. Mtoto wa namna hiyo haogopi kutoa kete, anaweza kushika kichwani mfululizo wa hatua tano au sita, na mafumbo ya kwenye simu huyaona mepesi kwa sababu mengi yanakwenda kwa mtindo ule ule wa toa, vuta, kula.

Tatizo liko kwenye kanuni moja ya drafti iliyowaingia damuni, nayo ni kwamba kula ni lazima. Kete ya mpinzani ikikaa mbele yako na nyuma yake pakiwa wazi, huna hiari, na ndiyo sababu hesabu ya drafti huwa ya uhakika: ukitoa, unajua mwenzako atafanya nini. Katika sataranji sharti hilo halipo. Mfalme akipigwa cheki, yaani akishambuliwa, ni lazima aokolewe, lakini mbali na hapo mpinzani anaweza kuiacha kafara yako, yaani kete uliyoitoa makusudi, pale pale ilipo na kufanya jambo lingine kabisa. Kwa hiyo mtoto wa drafti huja na makosa mawili ya kuzaliwa pamoja: yeye mwenyewe hula kila kinacholika, na huamini kwamba mwenzake naye atakula.

Kosa la kwanza nililiona kwa kijana mmoja wa Makorora, katika raundi yake ya pili kabisa ugenini. Mpinzani wake, mtoto mdogo kuliko yeye, alimwachia askari wa b2 (herufi hutaja safu ya wima ya ubao, nambari hutaja mstari) bila ulinzi. Kijana wetu hakufikiri hata nusu dakika; malkia akashuka, akamla askari, na mimi niliyekuwa nimesimama mbali nikaona uso wake umejaa furaha. Farasi wa mpinzani akaruka hadi a4, malkia akajikuta hana mraba hata mmoja salama wa kukimbilia. Baadaye nilimwuliza kwa nini alikula. Akanijibu, kwa unyoofu ambao sikuweza kuukasirikia, "Mwalimu, si alikuwa analika?"

Kosa la pili ni gumu zaidi kuligundua, kwa sababu kwa nje linafanana na ustadi. Binti mmoja niliyemfundisha alitoa farasi ili afungue njia ya kumfikia mfalme, baada ya kufikiri kwa karibu dakika 25, na hesabu yake ilikuwa ya kupendeza kweli: hatua sita, kila moja ikifuata nyingine, hadi chekimeti, yaani mfalme apigwe cheki asiyoweza kuokoka. Mpinzani hakumla yule farasi. Alisogeza mfalme wake mraba mmoja pembeni, basi, na hesabu yote ikavunjika katika hatua ya kwanza. Muda nao ulikuwa umekwisha kuliwa, na kwa kipimo kinachotumika sana katika mashindano ya dunia ya vijana, yaani dakika 90 kwa hatua 40 za mwanzo pamoja na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, dakika 25 ni mali nyingi ya kuwekeza kwenye dhana kwamba mwenzako atatii.

Wenzetu hawana siri. Walichofundishwa mapema, kwa kadiri nilivyowaona wakichambua michezo yao baada ya raundi, ni kujiuliza mpinzani anaweza kujibu nini, pamoja na jibu lisilopendeza. Pia wanaijua vizuri hatua ya katikati, ambayo mchezaji wa drafti hana alikojifunzia: kete yako imeliwa, kila mtu anatarajia ulipize papo hapo, nawe unatanguliza cheki au tishio lingine kubwa zaidi, halafu ndipo unarudi kuchukua chako. Barazani hatua hiyo haiwezekani, kwa kuwa kanuni imekwisha kukuamulia.

Mfano ninaoupenda kwa somo hili ni mchezo wa Wamarekani wawili, Bobby Fischer, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, na Donald Byrne, uliochezwa New York mwaka 1956, Fischer akiwa na umri wa miaka 13. Malkia wake alikuwa anashambuliwa na askofu, lakini katika hatua ya 17 hakumwondoa. Alimrudisha askofu wake e6 na kumwacha malkia aliwe. Byrne akamla. Kilichofuata ni cheki za askofu na farasi, moja baada ya nyingine, huku Fischer akizoa kete njiani hadi akapata ngome, maaskofu wawili na askari mmoja kwa malkia yule, akamaliza kwa chekimeti katika hatua ya 41. Watoto hushangilia malkia alivyotolewa, nami huwanyamazisha na kuwauliza: je, kama Byrne angemwacha malkia na kumla yule askofu wa e6? Huwa tunakaa hapo saa nzima, hadi wapate wenyewe kwamba angepigwa chekimeti na farasi, mfalme wake akiwa amezibwa na ngome zake mwenyewe. Kafara ile ilisimama kwa sababu ilikuwa na jibu hata pale ambapo mpinzani hali kile ulichomtegea.

Baada ya safari ile nilibadilisha mazoezi. Huchanganya mafumbo ambayo jibu ni kula na mengine ambayo kula ndiko kunakopoteza, bila kuwaambia lipi ni lipi, na wiki za kwanza walinung'unika kwamba nawadanganya. Huwaketisha wawili wawili. Mmoja hutafuta shambulio, mwenzake kazi yake ni kulikataa. Tena huwaagiza wakalie mikono yao. Zamani walimu wengi walishauri mchezaji aandike hatua kabla ya kuicheza ili ajipe muda wa kuitazama upya, lakini kanuni za leo za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, zinakataza kuandika kabla, na kete uliyoigusa kwa nia ya kuicheza ni lazima uicheze. Mtoto aliyezoea maneno ya barazani ya "nirudishie hiyo" huijua kanuni hiyo kwa machozi.

Usije ukamtisha mwanao akaogopa kula, maana hilo nalo nimewahi kulisababisha. Tarehe 12 Desemba 2024 huko Singapore, Gukesh Dommaraju wa India, ambaye mwaka 2018 alikuwa bingwa wa dunia wa walio chini ya miaka 12, alitwaa ubingwa wa dunia wa wakubwa kwa kula tu. Katika hatua ya 55 ya mchezo wa 14 Ding Liren wa China, bingwa aliyekuwa akitetea taji, alipeleka ngome yake f2. Gukesh akabadilishana naye ngome, kisha akalazimisha maaskofu nao wabadilishwe, kwa kuwa askofu wa Ding alikuwa kwenye kona na hakuwa na pa kukwepea. Walibaki wafalme na askari, Gukesh akiwa na askari mmoja zaidi, na Ding akakubali kushindwa katika hatua ya 58. Mtoto anayetazama kinacholiwa huona ngome kwa ngome na askofu kwa askofu, hakuna aliyepata. Anayetazama kinachobaki huona kwamba mchezo umekwisha.

Kwa hiyo chukua karatasi alizoandikia hatua za ile michezo sita, keti naye, na kila alipokula mweke alama kwa kalamu nyekundu. Kwa kila alama mwulize ni hatua gani nyingine aliifikiria kabla ya kula, wala usimkemee akisema hakuna. Kama mko hapa Tanga, tunakutana Ngamiani kila Jumamosi baada ya alasiri; nitumie ujumbe nikuelekeze. Simu aiache nyumbani, karatasi aje nazo.