Maswali ya Jikoni: Barafu za matunda, malai na jeli

Joto la miezi hii limeleta barua nyingi zinazouliza jambo moja kwa njia mbalimbali: kwa nini barafu, malai na jeli tunazotengeneza nyumbani kwa matunda yetu wenyewe hazitoki kama tulivyotarajia. Nimechagua barua sita. Kikombe ninachokitaja humu ni kile cha robo lita, ambacho kikijazwa sukari huwa na gramu 200 hivi.

*Shikamoo mama. Ninatengeneza barafu za ukwaju na kuwauzia watoto wa mtaani kwetu. Zinatoka ngumu kama jiwe, na mtoto akifyonza kidogo tu, rangi na utamu wote huisha akabaki ameshika barafu nyeupe isiyo na ladha. Nimeongeza ukwaju, lakini haikusaidia. Ninakosea wapi? – Mama wa watoto watatu, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Chukua barafu yako moja, uikate katikati kwa kisu, kisha uitazame. Utaona kingo zake ni nyeupe, karibu kung'aa kama kioo, na katikati umepita mstari wa kahawia. Mstari huo ndio ukwaju wako na sukari yako yote. Maji yanapoganda, chembe za barafu hujengwa kwa maji matupu, na kila kilichoyeyuka ndani yake husukumwa kando. Kwa kuwa baridi ya friza huanzia nje ya kifuko, maji ya pembeni huganda kwanza na kuusukuma utamu kuelekea ndani, ambako hubaki kama shira nzito isiyoganda vizuri. Mtoto akifyonza, shira hiyo humjia mdomoni mara moja na kumwachia barafu tupu. Ndiyo sababu kuongeza ukwaju hakukusaidia: kasoro haikuwa katika kiasi cha ukwaju, bali katika namna maji yalivyoachwa yagande yapendavyo.

Kuna mambo matatu ya kurekebisha, na la kwanza ni sukari. Wengi huipunguza ili kubana matumizi, bila kujua kwamba sukari ndiyo inayoyazuia maji kuwa jiwe, kwa sababu maji yenye sukari huhitaji baridi kali zaidi ili yagande na hata yakiganda hubaki na ulaini unaong'ateka. Kwa lita moja ya maji ya ukwaju yaliyochujwa, gramu 150 hadi 180 zinatosha, yaani kikombe kimoja kisichojaa kabisa. Ukifika vikombe viwili, friza ndogo ya juu ya jokofu haitaweza kuigandisha, utapata uji wa baridi. Onja mchanganyiko kabla ya kuumimina, na usitulie mpaka uusikie umezidi utamu kidogo kuliko sharubati ya kunywa, kwa maana ulimi uliopoa hausikii sukari vizuri na kilichokuwa sawa kwenye jagi kitakuwa chapwa kikiganda.

Jambo la pili ni uzito. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha konifulawa, yaani wanga wa mahindi, katika maji baridi kidogo, uyamimine ndani ya maji ya ukwaju yanayochemka, ukoroge mpaka yawe mazito kiasi na yapoteze ule weupe wa unga, kisha uepue mara moja, kwa sababu uchachu wa ukwaju huuvunja uzito huo ukiendelea kuchemka. Wanga hushika maji na kuzuia sukari isikimbie. Jambo la tatu ni haraka ya kuganda. Usiingize mchanganyiko ukiwa na uvuguvugu, wala usirundike vifuko hamsini mahali pamoja. Upoze kwanza kwenye jokofu, kisha vitandaze vifuko vigusane na ukuta wa friza. Barafu iliyoganda haraka huwa na chembe ndogo zinazoyeyuka mdomoni kwa upole, na ile iliyochukua usiku kucha huwa na chembe kubwa zinazokwaruza.

Ukitaka kuona kanuni hiyo ikifanya kazi bila unga wowote, tengeneza barafu ya ubuyu. Unga ule mweupe unaozunguka mbegu una pektini, ambayo ndiyo inayoyafanya maji ya ubuyu kuwa mazito yenyewe. Loweka vikombe viwili vya ubuyu wenye mbegu katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakabaki na uvuguvugu, uache kwa nusu saa, uyafikiche kwa mkono safi mpaka mbegu zibaki nyeusi, kisha uchuje. Tia kikombe kimoja cha sukari, kikombe kimoja cha tui zito la nazi, iliki iliyosagwa na chembe ya chumvi. Mafuta ya tui huongeza ulaini. Mimi sitii rangi nyekundu ya dukani, maana rangi ya ubuyu wenyewe, ile ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, inanitosha na wateja wako wataizoea.

*Salaam alaykum bibi. Nilitengeneza jeli kwa nanasi bichi nililolikata vipande vidogo. Nilifuata maelezo ya paketi ya jelatini neno kwa neno, nikaiacha kwenye friji tangu asubuhi hadi magharibi, ikabaki maji. Wiki iliyopita pia malai yangu ya papai na maziwa yalikuwa matamu nilipoyasaga, lakini kesho yake yakawa machungu. Je, nimeuziwa bidhaa mbovu? – Msomaji wa Likoni, Mombasa*

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Bidhaa zako huenda zilikuwa nzima, na mambo yote mawili yana chanzo cha aina moja. Umewahi kuona mpishi wa mishikaki akisugua papai bichi kwenye nyama ili ilainike. Papai lina kimeng'enya kiitwacho papaini, na nanasi lina chake kiitwacho bromelaini, na kazi ya vyote viwili ni kukatakata protini. Jelatini ni protini iliyotolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, kwa hiyo nanasi lako lisilopikwa liliikata kabla haijashikana, na ungeiacha hata siku tatu isingeganda. Maziwa nayo yana protini, ambayo ikikatwa hutoa vipande vyenye uchungu, na ndicho ulichokionja katika malai yako. Kwa uchungu huo hakuna dawa baada ya kutokea, sukari haiuondoi.

Joto huviua vimeng'enya hivyo. Chemsha vipande vya nanasi pamoja na maji yake kwa dakika tano, uviache vipoe, kisha uvitie kwenye jelatini, nayo itaganda. Nanasi la kopo halina tatizo hili kwa kuwa limekwisha kupikwa kiwandani. Papai la malai lipike vivyo hivyo, mpaka lichemke hadi katikati, au ulisage na maziwa na kulila papo hapo bila kulihifadhi.

Lakini kwa nyumba za pwani mimi hupendekeza agari, ile ambayo wauzaji wengi huiita chaina grasi. Hutokana na mwani, si protini, kwa hiyo nanasi halina la kuifanya, na anayechunga uhalali wa chakula chake hana haja ya kuuliza kama jelatini ni ya ng'ombe au ya nguruwe. Tena huganda hata mezani, bila friji. Chemsha vijiko viwili vya chai vya unga wake katika vikombe viwili vya maji mpaka uyeyuke kabisa, ukinyanyua kijiko usione punje hata moja mgongoni mwake, kisha uchanganye na vikombe viwili vya maji ya tunda yasiyo ya baridi. Usichemshe agari pamoja na maji makali ya ndimu au pasheni, kwa sababu uchachu unaochemka nayo huidhoofisha. Yaongeze baada ya kuepua.

*Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi, nimepanga chumba Morogoro na sina friza. Je, ninaweza kutengeneza aiskrimu ya embe? – Kijana wa chuo*

Marahaba, unaweza, na kwa maoni yangu itakuwa laini kuliko ya wengi wenye friza. Nunua barafu ya mabonge, uitie kwenye gunia safi na kuiponda kwa mwiko mzito. Pima sehemu tatu za barafu kwa sehemu moja ya chumvi ya mawe. Chumvi huilazimisha barafu kuyeyuka, nayo ikiyeyuka huvuta joto kutoka kila kilicho karibu nayo, hata mchanganyiko huo ukawa na baridi ya nyuzi zaidi ya 10 chini ya sifuri. Tafuta sufuria nyembamba ya aluminiamu yenye mfuniko unaobana, uitie nusu lita ya mchanganyiko wako, uizamishe katika ndoo yenye barafu na chumvi, na kuifunika ndoo kwa gunia.

Mchanganyiko wenyewe ni vikombe viwili vya rojo la embe, nusu kikombe cha maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji machache, vijiko vitatu au vinne vya sukari, na ndimu nusu. Boribo halina nyuzi nyingi. Dodo ni tamu sana lakini lipitishe kwenye chujio, usije ukala aiskrimu huku ukichokonoa meno. Kila dakika tano fungua, ukwangue kwa kijiko cha mti kile kilichoshika ukutani na kukirudisha katikati. Mara ya kwanza utaona utando mwembamba tu. Mara ya tatu au ya nne kijiko kitaanza kuwa kizito, na baada ya dakika 30 hadi 45 kitasimama chenyewe. Futa ukingo wa sufuria kila unapofungua, kwani tone moja la maji ya chumvi huharibu ladha, na usishike barafu hiyo kwa mkono mtupu kwa muda mrefu, kwa kuwa baridi yake huunguza ngozi. Maji yanayobaki usiyamwage kwenye miche ya jirani.

*Umeme kwetu hukatika mara kwa mara. Malai yaliyoyeyuka yanaweza kugandishwa tena? Na je, ni lazima kuchemsha maji ya barafu, ilhali baridi inaua vijidudu? – Baba wa nyumbani, Kigoma*

Ndugu yangu, naanza na swali la pili kwa kuwa ndilo linaloweza kumlaza mtoto hospitalini. Baridi ya friza haiui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo kwa namna ya kutegemewa. Wengi wao hulala tu, na barafu ikiyeyuka tumboni huamka. Chemsha maji hadi yatokote, uyaache yapoe yakiwa yamefunikwa, osha matunda kabla ya kuyamenya, na uchemshe maziwa yasiyotoka kwenye paketi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wanaokula barafu zetu zaidi ni watoto wadogo.

Kuhusu umeme, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi kwa muda mrefu kuliko iliyo nusu, kwa hiyo jaza nafasi tupu kwa chupa za maji na uzuie mikono ya watoto. Barafu za maji na matunda zilizolegea huku zikiwa bado za baridi unaweza kuzigandisha tena, ingawa zitakuwa na chenga. Malai ya maziwa au mayai yaliyoyeyuka na kukaa kwenye joto la chumba kwa zaidi ya saa mbili yamwage, hata kama hayajanuka.

*Shikamoo bibi. Natumia ndizi kutengeneza aiskrimu bila maziwa kwa sababu mwanangu hayapatani naye, lakini huwa nyeusi. – Mama Kijacho, Kisumu*

Marahaba. Kamulia ndimu mara tu unapozikata, uzigandishe zikiwa vipande vilivyotandazwa, na uzisage zikiwa bado ngumu. Chagua zilizoiva hadi zikaanza madoadoa, kwa maana ndizi changa hubaki na wanga unaokwaruza ulimi.

*Assalaam alaykum. Sisi asili yetu ni Unguja, tunaishi Muscat. Baba ana kisukari na anatamani malai ya embe kama ya kwao. Nimetoa sukari nikatia tende na asali. Je, hapo ni salama kwake? – Binti yake*

Wa alaykumu salaam, binti yangu. Hapana, na ninaomba usikasirike nikikuambia wazi: tende na asali ni sukari pia, na mwili wa baba hauzitofautishi na ile ya kwenye kopo kwa kiasi unachodhani. Embe lililoiva nalo lina sukari yake. Muulize daktari wake ni kiasi gani cha tunda anaruhusiwa kwa siku, na malai yahesabiwe ndani ya kiasi hicho, si nje yake.

Kwa kuwa ukitoa sukari malai hugeuka jiwe, ulaini itabidi utoke kwenye mafuta. Saga nusu parachichi lililoiva, kikombe kimoja cha mtindi mzito usiotiwa sukari na kipande cha embe kisichozidi kiganja, utie iliki na zafarani kidogo iliyolowekwa katika maji ya moto. Harufu ya iliki na zafarani hufanya ulimi udhani kuna utamu zaidi ya uliopo. Gandisha katika vikombe vidogo vya kahawa, kimoja kwa kila siku, na ukitoe nje dakika kumi kabla hajala ili kijiko kipite.